Mikono ya mama kwenye mchoro wa Gorky, na rangi zilizopoa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimekutana na mchoro wa Arshile Gorky, yule wa Marekani, unaomwonyesha yeye mwenyewe akiwa mtoto, amesimama kando ya mama yake aliyeketi. Rangi zimepauka kama khanga iliyofuliwa mwaka mzima, na mikono ya mama haina hata kidole kimoja. Rafiki yangu anasema mchoraji alikufa kabla hajaumaliza. Mimi sikubaliani naye, ila siwezi kueleza kwa nini. Nauliza kwa sababu nami nina picha ya studio niliyopigwa na mama nikiwa na miaka saba, na mama ameshatangulia mbele ya haki. Najaribu kuichora kwa rangi za mafuta kwenye ubao, lakini kila nikimaliza naona nimetoa bango la saluni. Nakosea wapi? Nimekuambatanishia picha yenyewe na mchoro wangu.

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuondokewa na mama, hata kama miaka imepita. Picha nimeitazama vizuri. Wewe umesimama kushoto na gauni la manjano, mama yuko kwenye stuli na kitenge chake, nyuma yenu kuna pazia la studio lenye maporomoko ya maji, na pembeni chombo cha maua ya plastiki. Nitaifikia. Kwanza tumalizane na rafiki yako.

Mchoro huo unaitwa Msanii na Mama Yake, na kwa kweli iko miwili. Gorky alianza kuushughulikia kama mwaka 1926. Mmoja aliendelea nao hadi karibu 1936, na leo uko jumba la makumbusho la Whitney, New York. Wa pili aliendelea kuugusa hadi karibu 1942, nao uko National Gallery of Art, Washington. Ukubwa wake unakaribiana mno: kimo sentimita 152, upana kama 127. Mwenyewe alifariki Julai 1948. Hesabu mwenyewe. Tangu auache ule wa kwanza hadi kifo chake ilipita miaka 12 hivi, na kabla ya hapo alikuwa amekaa nao miaka kumi. Mtu aliyekaa na turubai moja, yaani kitambaa cha kuchorea, miaka kumi hakukosa muda wa kuchora vidole kumi.

Jambo la pili ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Mikono imeachwa bila vidole kwenye turubai zote mbili. Kitu kikitokea mara moja tunaweza kusema bahati mbaya, au alichoka. Kikitokea mara mbili, sehemu ileile, kwa mtu yuleyule ambaye nyuso kazichora kwa uangalifu wa kutisha, basi kimekusudiwa. Hata kwenye picha nyingine za watu alizochora miaka ya 1930 mara nyingi mikono inabaki umbo tu, bila kucha wala viungo. Kwa hiyo wewe uko sahihi, na sasa nikupe sababu.

Inabidi nikueleze kidogo habari za picha yenyewe ilikotoka, maana bila hiyo rangi hazieleweki. Gorky alizaliwa kama mwaka 1904 katika kijiji cha Khorkom, kando ya Ziwa Van, mashariki mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, enzi hizo ikiwa dola ya Osmani. Jina lake la kuzaliwa ni Vostanik Adoian, na kwao walikuwa Waarmenia. Baba yake alikwenda Marekani Gorky angali mdogo sana. Mwaka 1912, mjini Van, mama yake Shushan alimchukua hadi kwa mpiga picha, wakapigwa pamoja ili picha ipelekwe kwa baba. Hiyo ndiyo picha. Mtoto kavaa koti, ameshika kishada kidogo cha maua. Mama amejifunga kitambaa kichwani, amevaa aproni ndefu yenye maua ya kutarizi, na anatazama moja kwa moja mbele.

Miaka mitatu baadaye yakaja mauaji ya kimbari ya Waarmenia. Familia ilikimbia Van mwaka 1915, kwa miguu, hadi Yerevan upande wa Urusi. Dada wakubwa wawili walifanikiwa kwenda Marekani mwaka uliofuata. Shushan akabaki na watoto wawili, Gorky na mdogo wake Vartoosh, na Machi 1919 akafa kwa njaa. Mwaka 1920 watoto hao wawili wakafika Marekani. Kijana akaanza kusoma sanaa Boston, kisha akahamia New York, akajipa jina la Gorky na kudai kuwa ni ndugu wa mwandishi wa Kirusi Maksim Gorky, ambaye naye jina lake lilikuwa la kubuni. Kwa Kirusi maana yake ni mchungu.

Sasa fikiria mkononi mwake kuna nini. Kuna kipande cha karatasi, picha nyeusi na nyeupe. Haina rangi hata moja. Rangi zote unazoziona kwenye turubai zile alizitafuta mwenyewe kichwani na kwenye paleti, kibao cha kuchanganyia rangi, na alichagua ziwe zile. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wakiona rangi zilizopoa hudhani mchoraji kanakili picha iliyochakaa, au mchoro umezeeka na rangi zimeliwa na jua. Ukiangalia kwa makini hupati kijivu kitupu mahali popote. Kuna ocha, yaani njano ya udongo, kuna kahawia ya aina tatu nne, kuna krimu, kuna waridi iliyotulizwa, na kuna kijivu ambacho jicho linakisoma kama kijani kwa sababu tu kimekaa jirani na wekundu wa udongo. Kila rangi imezuiliwa isipande, lakini hakuna hata moja iliyokufa.

Nilipata bahati ya kusimama mbele ya ule wa New York, na kilichonishangaza si huzuni, maana huzuni nilikuwa nimeitegemea. Ni ngozi ya mchoro. Uso wa Shushan hauna alama ya brashi. Ukisogea karibu mpaka mlinzi anaanza kukutazama, bado huoni brashi imepita wapi. Ni laini kama pembe ya ndovu iliyosuguliwa. Halafu macho yako yakishuka hadi kwenye mapaja, ghafla unakuta mikono imepigwa kwa mapana, weupe umetandazwa tu, na hapo brashi unaiona. Kwenye sentimita chache unatoka kwenye uso uliofanyiwa kazi miaka na miaka hadi mahali palipofanyiwa kazi dakika chache. Picha za kwenye simu haziwezi kukuonyesha tofauti hiyo, kwa sababu simu inalainisha kila kitu.

Ulaini ule ulipatikanaje? Rafiki yake mmoja, mchoraji Saul Schary, alisimulia alichokiona. Gorky alikuwa akichora, kisha anauacha mchoro ukauke mwezi mmoja au miwili. Ukishakauka anachukua wembe na kuukwangua uso wote, taratibu, hadi unakuwa laini kabisa. Kisha anachora tena juu yake kwa brashi nyembamba ya manyoya laini. Unakauka. Anakwangua tena. Halafu anaushikilia juu ya hodhi la kuogea na kuufuta vumbi la rangi kwa kitambaa chenye unyevu. Tena na tena, kwa miaka.

Hapo ndipo pana jibu la nusu ya swali lako. Unapokwangua tabaka la rangi lililokauka, hulitoi lote. Wembe unachukua vilele na kuacha mabaki kwenye mashimo ya turubai. Rangi ya chini inabaki ikichungulia kupitia ya juu. Ukipaka waridi juu ya mabaki ya kahawia, ukakwangua, ukapaka krimu nyembamba, ukakwangua, unachokipata mwishoni ni rangi ambayo huwezi kuichanganya kwenye paleti hata ukeshe. Inaonekana imepoa, lakini imepoa kwa sababu ndani yake kuna rangi tano zinazozuiana. Ile aproni ambayo wewe umeiona kama nguo iliyofuliwa mwaka mzima, kwa namna fulani imefuliwa kweli. Umeliona jambo hilo kabla hujajua limefanyikaje, na hiyo ni dalili ya jicho zuri.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo Gorky alikuwa na michoro mingine ambayo alifanya kinyume kabisa. Ule uitwao Organization, wa 1933 hadi 1936, uko Washington pia. Huo amerundika rangi, tabaka juu ya tabaka, mistari mieusi na maumbo ya kijiometria kwa mtindo wa Picasso, na unene wake unauona hata ukiwa mbali. Alikuwa maskini, lakini rangi hakuibania. Kwa hiyo tusiseme alipaka kwa wembamba kwa kukosa pesa ya rangi. Kwa maumbo yale alijaza, kwa mama yake akapunguza.

Alijifunza wapi kupunguza? Gorky alikuwa mtu wa kujifunza kwa kukaa na mabwana wakubwa, mmoja baada ya mwingine. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba alikaa na Cézanne, mchoraji wa Ufaransa, muda mrefu, kisha akawa na Picasso. Wa tatu, na kwa mchoro huu ninamwona ndiye mkubwa kuliko wote, ni Ingres wa Ufaransa, fundi wa karne ya 19 ambaye uso wa mtu kwake haukuonyesha kabisa njia ya brashi na mstari mmoja uliweza kubeba bega zima. Studioni kwake Gorky alikuwa ametundika nakala kubwa ya picha aliyojichora Ingres. Ukitaka kuuona mstari huo peke yake, bila rangi, tafuta mchoro wa makaa alioufanya Gorky wa kichwa cha mama yake, ulioko Art Institute of Chicago. Kitambaa cha kichwa ni mistari michache, macho yamekolezwa, basi. Mimi nauthamini kuliko turubai nyingi za rangi ninazozijua.

Kwa Picasso aliona kitu kingine. Wale wanawake wakubwa, wazito, waliotulia kama sanamu, ambao Picasso aliwachora mwanzoni mwa miaka ya 1920, wana rangi za udongo na mikono minene isiyo na maelezo mengi. Na kabla ya wote hao Gorky alikuwa na yale aliyozaliwa nayo. Katika Ziwa Van kuna kisiwa cha Akhtamar, chenye kanisa la Kiarmenia la karne ya 10 ambalo kuta zake za nje zimechongwa watu wakisimama wametazama mbele, macho makubwa, mikono midogo. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa hilo hakuhitaji kwenda Paris kujua kwamba mtu anaweza kukutazama kutoka kwenye jiwe.

Turudi kwenye aproni. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndipo penye somo lako. Kwenye picha ya kamera aproni ya Shushan ina maua ya kutarizi, kazi ya mkono, kitu ambacho mchoraji yeyote wa kawaida angekikimbilia kwanza. Kinapendeza, ni cha kwao, na kinaonyesha ufundi. Gorky alikifuta chote. Ameacha uwanja mpana mweupe wenye waridi ndani yake, hauna ua hata moja. Uwanja huo ndio mkubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye mchoro, na ni mtupu. Matokeo yake ni kwamba jicho lako, likitafuta pa kushika, linapanda juu usoni. Huko linakutana na macho ya mama, na haliwezi kushuka tena kwa urahisi.

Mikono imefanyiwa jambo hilohilo. Mikono yenye vidole inavuta macho kuliko kitu chochote isipokuwa uso. Wewe ni mchoraji, unajua: ukichora mkono vizuri, watu wanautazama mkono. Angeichora kama ilivyokuwa, mchoro ungekuwa na sehemu tatu zinazoshindana, nyuso mbili na mikono. Kwa kuiacha kama weupe uliotandazwa, aliirudisha ndani ya aproni, ikawa sehemu ya utupu ule. Wapo wanaosema inafanana na mikono iliyofungwa bandeji. Wapo wanaosema ni kumbukumbu inayopotea. Siwakatalii, kila mtu na alivyoguswa. Lakini mimi kama fundi naanza na kazi inayofanywa na kitu pale kilipo, na kazi ya mikono ile ni kukuacha na uso.

Kuna jambo moja linalonigusa kuliko maelezo hayo yote. Mwaka 1944, akiwa ameshaachana na picha za watu na kuingia kwenye rangi zinazotiririka na maumbo yasiyo na jina, Gorky alichora mchoro ambao jina lake ni Jinsi Aproni ya Mama Yangu Iliyotariziwa Inavyokunjuka Maishani Mwangu. Uko makumbusho ya sanaa ya Seattle. Hakuna mtu ndani yake. Kuna rangi nyembamba zinazochuruzika, maumbo kama petali, vitu vinavyofunguka. Yale maua aliyoyafuta kwenye nguo ya mama yake kwa wembe, miaka kadhaa baadaye anayataja kwa jina, tena mahali ambapo mama mwenyewe haonekani. Kila nikiwafundisha vijana huwaonyesha michoro hii miwili kwa pamoja na kukaa kimya dakika moja.

Haya, sasa picha yako. Ulichouliza ni kwa nini inatoka kama bango la saluni. Bango la saluni ni kazi nzuri kwa madhumuni yake: linatakiwa lisomeke na mtu aliye kwenye daladala inayopita. Ndiyo maana kila rangi imetoka kwenye kopo ikiwa na nguvu zake zote, na kila kitu kina ukingo mkali. Wewe unachora mama yako kwa lugha hiyohiyo. Gauni lako ni manjano ya kuwaka, kitenge chake kina kila ua, maporomoko ya maji ni bluu ya dukani, na maua ya plastiki mekundu yanashinda uso wa mama. Umeipa kila sehemu ya picha haki sawa. Ndilo kosa, na hilo tu. Ufananishaji wako ni mzuri. Nimeuona kwenye kidevu.

Fanya hivi. Piga nakala ya picha kwa nyeusi na nyeupe. Ni lazima, kwa sababu picha ya rangi itaendelea kukuamrisha. Kwenye nakala piga miraba midogo kwa rula, na miraba idadi ileile, mikubwa, kwenye ubao wako. Gorky naye alifanya hivyo: Washington kuna mchoro wake wa penseli wa picha hii kwenye karatasi yenye miraba. Hamisha mistari mikubwa tu. Mabega, kitambaa cha kichwa, ukingo wa kitenge, urefu wako ukilinganisha na mama. Pazia la maporomoko liache kabisa, weka ukuta. Maua ya plastiki amua mwenyewe, lakini ukiyabakiza yabaki kama doa.

Rangi, tumia nne: nyeupe, nyeusi, ocha ya njano, na nyekundu ya udongo. Bluu na kijani zifungie kabatini. Utasema huwezi kupata kijani. Changanya nyeusi na ocha, utaona inageuka kijani cha zeituni mbele ya macho yako. Utasema huna bluu. Changanya nyeusi na nyeupe, weka kijivu hicho kando ya nyekundu ya udongo, kitasomeka cha baridi kama bluu. Tenga siku nzima kwa zoezi hili kwenye kipande cha kadibodi kabla hujagusa uso wa mama. Tengeneza vijivu ishirini, kimoja chenye ocha zaidi, kimoja chenye wekundu zaidi, uvipange. Ukimaliza, bandika katikati yake kipande kidogo cha nyekundu halisi kutoka kwenye tyubu. Utaona vijivu vyote vinanyamaza na nyekundu inabaki peke yake ikipiga kelele. Kitoe. Subiri kidogo. Vijivu vinaanza kusema tena, kimoja kikiwa cha zambarau, kingine cha kijani. Hapo utaelewa kwa mkono wako kwa nini Gorky hakuruhusu rangi hata moja ipande juu.

Giza na mwanga vitangulie rangi. Kunja macho hadi uone ukungu, uangalie nakala yako: wapi peusi kabisa, wapi peupe kabisa? Kwa mama yako peusi kabisa ni machoni na chini ya kidevu. Ngozi yake ni nyeusi nzuri yenye wekundu ndani, kwa hiyo usifuate weupe wa uso wa Shushan. Fanya kinyume. Uso uwe ndio mahali penye kina, na kitenge ndicho kipoe na kupauka hadi kiuinue uso. Maua ya kitenge yafute. Najua inauma, hasa kama ni kitenge unachokikumbuka. Unaweza kuyachora mahali pengine siku nyingine.

Kuhusu kukwangua, una ruhusa yangu lakini kwa masharti. Hakikisha nyeupe yako ni ya titani, usitumie nyeupe ya zamani yenye madini ya risasi, kwa sababu vumbi lake ni sumu. Rangi zenye kadimi, ambayo nayo ni madini yenye sumu, usizikwangue. Vaa barakoa, fungua madirisha, na kila ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji, usipulize vumbi kwa mdomo. Kaa mbali na chakula na watoto. Rangi iwe imekauka kweli: kandamiza kwa ukucha sehemu ya pembeni, ukiacha alama subiri wiki mbili nyingine. Uvumilivu unahitajika zaidi kama uko Pwani wakati wa masika, na nyeusi huchelewa kuliko rangi za udongo. Wembe usimamishe karibu wima na uuvute kwako, usiusukume. Umesema unatumia ubao, na hilo ni jema, kwa sababu turubai hubonyea chini ya wembe; siku ukitumia turubai, weka kitabu kikubwa nyuma yake. Tabaka la kwanza lipake jembamba, lenye tapentaini, na matabaka ya juu yaongezewe mafuta kidogo kidogo, la sivyo yatapasuka.

Kwangua mara tatu kabla hujaamua kama inafaa. Mara ya kwanza utalia kwamba umeharibu, nakwambia mapema. Mara ya pili utaona kitu kwenye paji la uso ambacho hukukichora.

Mikono ya mama yako kwenye picha imelala mapajani, mmoja juu ya mwingine, na pete inaonekana. Usinakili mikono isiyo na vidole kwa sababu Gorky alifanya hivyo. Yeye alikuwa na sababu zake na mama yake. Iache mwisho kabisa. Paka umbo lake kwa rangi ya kitenge, endelea na uso na wewe mtoto pale kando, na kila ukirudi kazini jiulize kama mchoro unaidai mikono hiyo. Ukikudai pete tu, chora pete.

Nitumie picha ya hali ilivyo baada ya kukwangua mara ya kwanza, iliyopigwa dirishani mchana bila mwanga wa simu, na nyingine ya karibu kabisa ya jicho la kushoto la mama.